Mufuko wa Maji Ndani ya Kichwa Changu



Leo sikuletei hubiri. Nataka kukuambia jambo lililonipata mimi mwenyewe, na zaidi mahali nilipokosa, kusudi wewe usikose hapo. Kama uko baba au mama, soma pamoja na watoto. Kama uko kijana, usiseme haya ni mambo ya wazee. Kichwa hakichagui miaka.

Mimi ni muchungaji hapa Kolwezi. Niko na miaka 46, muke mumoja na watoto watano. Tangu mwaka 2021 ninajua kama ndani ya kichwa changu, upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio, kuna mufuko wa maji. Nilizaliwa nao. Mama aliyenizaa hakuujua. Nilisoma nao masomo ya Biblia, nilioa nao, nilibatiza na kuzika watu nao, na sikusikia kitu.

Namna gani ulijulikana? Mwezi wa tisa mwaka ule nilipanda taksi-moto kwenda kwenye kilio cha mutu wa kanisa. Lori ya madini ikatusukuma pembeni ya barabara. Mwenye kuendesha aliinuka muzima. Mimi nilipiga kichwa chini, na kwa saa moja hivi nilisahau majina ya watoto wangu. Shemeji yangu anayekaa Lubumbashi akasema niletwe kule, kilometa 300 hivi, nipigwe picha ya kichwa, ile wanaita skanere.

Munganga akatazama picha kwa muda murefu. Akasema: "Pasta, kuanguka hakukuvunja kitu. Lakini tumekuta kitu kingine."

Nilisikia tumbo kuwa baridi. Nikamuuliza kama ni kansa. Akasema hapana, akachukua kalamu na kunichorea. Chini ya mufupa wa kichwa, ubongo umefunikwa na ngozi tatu nyembamba. Ile ya katikati inaitwa araknoidi, jina linalotoka katika Kigiriki cha buibui, kwa sababu inafanana na nyuzi zake. Hapo kunapita maji safi, na ubongo unaelea ndani yake kama mutoto anavyoelea ndani ya tumbo la mama. Kwa mutu mukubwa maji yale ni karibu mililita 150, ni kusema nusu ya chupa ndogo ya soda. Kila siku mwili unafanya karibu nusu lita ya maji mapya, na ya zamani yanarudi ndani ya damu. Basi kwa watu wengine, tangu tumboni mwa mama, ile ngozi ya buibui inajigawanya na kufanya mufuko, na maji yanakaa pale.

Akaniambia kama kati ya watu wakubwa 100 wanaopigwa picha ya kichwa, karibu mumoja anakutwa na mufuko ule. Wanaume wako nao kuliko wanawake, na upande wa kushoto kuliko wa kuume. Walio wengi hawaugui nao hata siku moja.

Ndugu musomaji, nilifikiri kujua kutanituliza. Haikuwa vile. Nilipofika nyumbani kila mutu alikuwa na neno lake.

Yaya yangu alisema: "Mudogo wangu, kwetu hakuna mutu alizaliwaka na maji mu kichwa. Ile iko kazi ya balozi. Twende kwanza ku kijiji tuulize." Mama mumoja wa kikundi cha maombi akaja asubuhi na mapema kunielezea ndoto: aliona kisu, na sauti ikasema nisikubali. Munganga mumoja, si yule wa kwanza, akasema nipasuliwe mbio mbele mufuko haujapasuka. Usiku nilikuwa nashika kichwa changu kwa mikono miwili, kama mutu aliyebeba ndoo imejaa.

Kisha nikaonana na mupasuaji wa ubongo. Huyu hakuanza na picha. Alianza na mimi. Kichwa kinakuuma? Unatapika asubuhi? Unaona muzuri? Umekwisha kuanguka kifafa? Mikono na miguu inashika? Kwa yote nilijibu muzuri. Akasema: "Basi nikupasue juu ya nini? Mimi sipasui picha, napasua mutu."

Akanieleza kama hakuna dawa ya kunywa inayopunguza mufuko wa namna hii. Kuna kupasua au kuna kungojea na kuangalia. Akakaza neno la mwisho: na kuangalia. Akanipa masharti matatu. Nijilinde na kupigwa kichwa, kwa sababu mufuko ule ukipigwa kwa nguvu unaweza kupasuka au damu kuvuja kandokando yake. Nirudi kupigwa picha kisha mwaka mumoja. Na nikiona ishara hizi nisingojee hata juma moja: kichwa kinachouma zaidi asubuhi, kutapika, macho kufifia, kifafa, mukono au muguu kulegea, usingizi usio wa kawaida.

Nilikubali kungojea. Na leo bado nasema niliamua vema siku ile. Kumupasua mutu asiyeumwa ni kumuletea hatari bila faida.

Mwaka 2022 nilirudi. Mufuko ulikuwa kipimo kilekile. Siku ya Mungu iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda. Nikasema: "Bwana amefunga ule mufuko, hautanigusa tena." Watu wakapiga vigelegele na makofi.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa, na sikujua. Munganga aliniambia kama mufuko haujabadilika. Hakuna mutu aliyeniambia kama hautabadilika. Ile sehemu ya pili niliiongeza mimi, juu ya makofi.

Mwezi wa kwanza 2023 kichwa kikaanza kuuma asubuhi. Nikainama kufunga viatu, macho yakazimika kwa kitambo kama taa wakati kuran inakatika, kisha yakarudi. Nikatapika nyuma ya nyumba, nikafunika kwa udongo. Masharti ya munganga nilikuwa nayo ndani ya Biblia yangu, yameandikwa kwa mukono wangu. Niliyatoa, nikayasoma, nikayarudisha.

Utaniuliza: Muchungaji, sababu gani ulinyamaza? Nitakujibu bila kuficha. Niliogopa kisu. Niliogopa kuamka bila akili, nikawa mutu wa kulishwa na bibi yangu. Na tena niliogopa kanisa. Namna gani nitasema mufuko umerudi kunisumbua, mimi niliyesema Bwana ameufunga? Basi nikavalisha woga wangu nguo ya imani. Nilisema ndani ya moyo: ninamungojea Bwana. Kweli yake, nilikuwa ninakimbia. Na nilikimbia miezi mine.

Aliyenikamata ni mama wa watoto. Siku moja kisha ibada alifunga mulango wa chumba. Akasema: "Baba, leo umesoma Wafilipi."

Nikasema ndiyo.

"Nilikuwa nakaa pa kiti ya mbele. Biblia yako ilikuwa wazi kwa Mwanzo."

Nilinyamaza. Macho yangu hayakuona tena herufi ndogo, nilikuwa ninasema kwa kichwa maneno niliyoyajua tangu zamani, huku ninatembeza kidole juu ya ukurasa kama mutu anayesoma.

"Weye unatufundishaka kama uongo iko zambi," akasema. "Ile ulifanya leo pa mazabahu iko nini?" Kisha akalia. Mimi pia nililia, na nikamuambia yote.

Kesho yake alinipeleka mwenyewe kwa munganga wa macho. Yule akatazama ndani ya jicho kwa taa ndogo, akakuta mushipa unaotoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo umevimba sana. Ni alama kama ndani ya kichwa maji yanasukuma kwa nguvu. Picha mupya ikaonyesha kama mufuko umeongezeka. Kwa mutu mukubwa jambo hili linatokea mara chache, lakini linatokea. Akasema: "Pasta, kama unangojea tena, utakuwa kipofu."

Nikaita wazee wa kanisa, nikawaambia ukweli wote, hata mambo ya Wafilipi. Muzee mumoja akauliza kwa ukali: "Basi ule ushuhuda wa mwaka uliopita ulikuwa uongo?" Nikajibu: picha ilikuwa kweli, na shukrani ilikuwa kweli. Zambi yangu ni kuifanya habari ya siku moja kuwa ahadi ya siku zote.

Yule mama wa ndoto alikuwa pale. Sikumukemea, kwa sababu ananipenda. Nilimukumbusha tu habari ya mufalme Hezekia, katika 2 Wafalme sura ya 20. Mufalme alilia na kuomba, na Mungu akamusikia, akamuongezea miaka 15. Lakini Isaya yuleyule aliyeleta neno la kupona aliagiza pia waweke mukate wa tini juu ya jipu lake. Maombi yalijibiwa, na dawa ikawekwa. Hezekia hakusema kama dawa inaharibu imani. Mama yule akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi tutaomba juu ya mikono ya ule munganga."

Tuliuza kiwanja tulichonunua kwa ajili ya watoto. Yaya, yule wa balozi, alileta mbuzi wawili waliouzwa sokoni, na hakusema tena habari ya kijiji. Vijana wa kwaya wanaochimba katika kariere walileta feza ndani ya mufuko wa sukari, noti zenye vumbi la madini. Nilizihesabu kwa aibu. Hawa ndio niliowadanganya.

Tulivuka mupaka Kasumbalesa, tukapita Kitwe na Ndola mupaka Lusaka. Mupasuaji wa kule alituketisha wote wawili, mimi na bibi yangu, akatueleza njia tatu. Ya kwanza, kufungua dirisha dogo ndani ya mufupa na kukata ukuta wa mufuko, kusudi maji yake yaungane na maji mengine ya ubongo. Ya pili, kufanya vile kwa tundu dogo, kwa chombo chembamba chenye taa. Ya tatu, kuweka mupira mwembamba chini ya ngozi, unaopeleka maji kutoka kichwani mupaka tumboni. Akasema kwa mufuko wangu njia ya kwanza inafaa. Ule mupira unaweza kuziba hata kisha miaka, na ukiziba inapaswa kupasuliwa tena kwa haraka. Akauliza: "Ukiziba usiku huko Kolwezi, utafika hapa kwa saa ngapi?"

Hakutuficha hatari: damu kuvuja, vidudu kuingia, maji kutoka pa kidonda, kifafa, maneno kupotea, hata kufa. Akasema hatari hizi si za kila mutu, lakini hawezi kuniahidi kama haziko. Na akasema tena: kazi hii ni ya kulinda macho yaliyobaki, sikuahidi kama yaliyopotea yatarudi. Nilipenda neno lile. Ni mutu asiyeongeza kitu juu ya kile anachojua.

Usiku ule sikuomba maombi marefu. Nilimuonyesha mama wa watoto karatasi za nyumba, majina ya watu wenye deni yangu na wale nilio na deni yao. Kisha tukashikana mikono. Asubuhi nilitia sahihi.

Nilipoamka nilimuona amekaa pembeni. Nilitaka kijiko, nikasema: "Nipe ufunguo." Nikasema tena: ufunguo. Kwa siku mbili maneno yalikuwa yanabadilishana mahali pao ndani ya kinywa changu, kwa kuwa upande ule wa ubongo ndio unaotunza maneno. Bibi yangu alicheka na machozi yakamutoka. Siku ya tatu nikasema kijiko, na wagonjwa wa chumba kile wakapiga makofi.

Leo kichwa hakiniumi. Jicho la kuume linasoma. Jicho la kushoto linaona katikati tu, pembeni pamebaki giza. Mutu akinijia upande ule ninashituka. Munganga aliniambia wazi: mushipa ulibanwa muda murefu. Muda ule ni ile miezi mine. Mungu amenisamehe, na kanisa limenisamehe, lakini pembe ya jicho haikurudi. Na mufuko wenyewe haukuondoka wote. Ulipungua. Ninaishi nao, na ninarudi kupigwa picha wakati ninaoambiwa.

Tangu pale watu wengi wanakuja nyumbani kuniuliza: "Pasta, mimi pia niko na mufuko mu kichwa. Nipasuliwe?" Mimi si munganga, na kila mufuko uko na asili yake. Kijana mumoja aliyekuwa anaanguka kifafa, watu walisema ni kama wangu. Haikuwa vile. Kwake ni kimelea, mutoto wa tegu wa nguruwe. Mayai yake yanatoka ndani ya choo cha mutu mwenye tegu, yanaingia kwa mikono michafu, maji na mboga zisizooshwa, kisha yanafanya mifuko midogo ndani ya ubongo. Ule mara nyingi unatunzwa kwa dawa, si kwa kisu. Lakini usijinunulie dawa ya minyoo sokoni kwa ajili yake. Minyoo ikifa ndani ya kichwa, ubongo unaweza kuvimba, ndiyo sababu munganga anatoa dawa nyingine pamoja nayo. Basi mama, nawa mikono na uwafundishe watoto. Pika nyama ya nguruwe mupaka iive sana. Jenga choo na ukitumie. Na mwenye kifafa musimukimbie, si ugonjwa wa kushikana kwa kugusana.

Kama munganga amekuta kitu ndani ya kichwa chako au cha mutoto wako, nenda na mutu mumoja wa jamaa, muandike majibu ya maulizo haya:

1. Kitu hiki ni cha namna gani, na munakijua kwa alama gani?

2. Maumivu yangu yanatoka kweli kwake, au mumekikuta tu wakati wa kutafuta kingine?

3. Tukingojea, nini inaweza kutokea, na nirudi lini kupigwa picha?

4. Tukipasua, kwa njia gani, kwa hatari gani, na muko na zoezi gani ya kazi hii?

5. Kisha kupasuliwa, nani atanifuata, na shida ikija usiku nikimbilie wapi?

Kama wawili hawapatani, tafuta wa tatu. Si kukosa heshima. Mimi nilisikia "mbio" kwa mumoja na "ngojea" kwa mwingine, na wa pili ndiye aliyekuwa na haki wakati ule. Lakini wakati ulipobadilika, jibu pia lilibadilika, na mimi nilibaki na jibu la zamani kwa sababu lilinipendeza.

Ninyi vijana wa kariere na wa taksi-moto, vaeni kofia ngumu. Hamujui ndani ya kichwa chenu kuna nini. Mimi sikujua kwa miaka mingi.

Na wewe unayesema unamungojea Bwana, sikukatazi. Mimi pia nilingojea, na mwaka wa kwanza kungojea kwangu kulikuwa kwema. Lakini jiulize jambo moja: je, ishara ulizoambiwa zikija, utamuambia mutu siku ileile? Kama jibu ni ndiyo, ngojea kwa amani. Kama unafunika matapiko kwa udongo nyuma ya nyumba, wewe humungojei Bwana. Ingia ndani, funga mulango, uambie mama wa watoto.

Bwana awalinde, ninyi na nyumba zenu.